Turbo ya tatu ya Tata la viazi

Lori la Tata lilifika gereji Uyole, Mbeya, saa mbili usiku, limevutwa na Fuso kutoka Inyala. Nyuma ya siti ya dereva kulikuwa na kiroba, na ndani yake turbo iliyokufa, yaani ile pampu inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa kwenye injini. Hiyo ndiyo ya kwanza, iliyokuja na gari. Ya pili ilikuwa bado juu ya injini, imefungwa Dar siku ishirini na moja kabla. Mwenye gari, mama anayenunua viazi Uporoto na kuvipeleka Dar, alikuwa keshaamua kabla hajashuka kwenye bodaboda.

“Fundi, hizi turbo ndogo nimechoka nazo. Nimeambiwa kuna HX40, hiyo inapanda mlima huku inaimba. Nitafutie hiyo.”

“Shikamoo kwanza, mama.”

Akacheka, akaitikia. Pesa ya HX40 alikuwa nayo kwenye mkoba, na sitajifanya malaika: kuuza kitu ambacho mteja ameshakitaka mwenyewe ndiyo kazi rahisi kuliko zote za gereji. Kilichonizuia ni kile kiroba. Turbo ya kwanza ilidumu miaka, ya pili wiki tatu. Kama sijui zilikufaje, ya tatu nitaifunga kwa imani tu.

Injini yenyewe ni Cummins 6BT. Silinda sita, lita 5.9, B ni ukoo wa injini na T ni turbo. Ukikuta A imeongezwa baada ya T ujue kuna kipoza hewa, na AA ni intakula ile ya kupozwa na upepo mbele ya rejeta. Hili la mama halikuwa na A hata moja: hewa inatoka kwenye turbo inaingia moja kwa moja kwenye injini, na moto wake wote. Hilo linaonekana dogo lakini liliamua mambo mengi baadaye.

Tatizo la 6BT ni umaarufu wake. Iko kwenye Tata, iko kwenye Dongfeng, iko kwenye pikapu za Dodge za Marekani za kuanzia 1989, kwenye majenereta, kwenye boti, kwenye mashine za kuchonga barabara. Bloku ni lile lile, lakini ya zile Dodge za mwanzo ilikuwa na nguvu ya farasi 160 na za boti zipo zinazopita 300. Kila kazi ilipewa turbo yake. Ukienda duka la vipuri mtaa wa Gerezani, Dar, ukasema “nipe turbo ya 6BT” ni sawa na kuomba kiatu cha mtu mzima. Utapewa, tena kitaingia mguuni, ila kutembea nacho ni habari nyingine.

Na ndivyo ilivyokuwa. Nilipomhoji dereva asubuhi, alisema turbo ya pili ilinunuliwa kwa simu. Mama alipiga picha ya injini, si ya turbo. Muuzaji akaangalia, akasema ipo, fundi wa Dar akaifunga, boliti nne zikakaa bila shida kwa sababu turbo nyingi za Holset za injini hii zina flanji, yaani uso wa kufungia, ile ile ya saizi ya T3 yenye matundu mawili. Zikikaa boliti, watu wote pale huamini kazi imeisha.

Basi nikaanza na ile ya kwenye kiroba. Nilisugua bati lake kwa mafuta ya taa na mswaki mpaka maandishi yakasomeka: Holset, H1C, na chini yake namba ya turbo nzima yenye tarakimu saba, inayoanza na 35 kama nyingi za enzi hizo. (Holset ni kampuni ya Huddersfield, Uingereza. Cummins waliinunua mwaka 1973, ndiyo maana huikuta karibu kwenye kila Cummins ya zamani.) H1C ni jina la saizi tu, kama kusema shati la M. Namba ile ndefu ndiyo inayosema feni ya hewa ni ipi, feni ya moshi ni ipi, na ganda ni lipi. Mtu akikutumia turbo kwa kusoma H1C peke yake, bado hajakutumia turbo yako.

Kisha nikatafuta namba nyingine ambayo wengi hawaijui. Kwenye ganda la upande wa moshi, lile la umbo la konokono, Holset huchonga eneo la njia ya moshi kwa sentimita za mraba. Hili la kiroba lilikuwa na 16. Nikachukua tochi, nikajipenyeza chini ya ile iliyokuwa juu ya injini. Ilikuwa na 21.

Hapo nusu ya hadithi ikawa imejieleza. Moshi wa injini unapita kwenye ganda kama maji kwenye mdomo wa mpira wa bustani. Ukibana kwa kidole yanaruka mbali, ukiachia yanamwagika miguuni. Ganda la 16 linabana, feni inashika kasi mapema, injini ikiwa bado inazunguka polepole. Ganda la 21 linataka moshi mwingi kwanza, yaani mizunguko mingi, ndipo feni iamke. Zipo 6BT zilizotoka kiwandani na 21 na zinafanya kazi vizuri. Lakini hili ni lori la mzigo, linalopanda mlima kwa mizunguko 1,500 hivi kwa dakika, pale ambapo injini hii huvuta zaidi. Kwa mizunguko hiyo, 21 ya mama ilikuwa bado imelala.

Sikutaka mama achukue maneno yangu tu. Kwenye njia ya hewa inayoingia injini kuna tundu lenye plagi. Nilifunga pale geji ndogo ya presha, ya bar 0 hadi 2.5, nikapitisha hosi hadi kwenye kabini. Tuliongeza oili, tukalitoa gari likiwa na mzigo nusu, tukapanda Mlima Nyoka. Kwa mizunguko 1,500, mguu ukiwa chini kabisa, geji haikufika nusu bar. Nyuma yetu kulikuwa na wingu jeusi, daladala zikipiga honi kwa hasira. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungua nayo. Pampu ilikuwa inatoa mafuta yale yale ya siku zote, turbo inaleta hewa pungufu, na dereva akiona gari zito anazidi kukanyaga. Hivyo ndivyo unavyochoma vali na pistoni bila kujua.

Ila gari halikuvutwa kwa sababu ya moshi mweusi. Lilivutwa kwa sababu ya moshi wa bluu, oili inaisha lita mbili kwa safari, na hosi ya hewa imelowa oili ndani. Fundi wa Dar alishatoa hukumu kwa simu: turbo feki, imepasua sili.

Niliifungua. Kwa kweli ilikuwa nakala, bati lake halikuwa na jina la maana. Lakini shafti? Nzima. Ukiishika ukaivuta mbele na nyuma, mchezo wake hauhisiki kwa kidole. Ukiitikisa kushoto kulia inacheza kidogo, na hilo ni kawaida kwa turbo isiyo na oili ndani, kwa sababu beringi zake huelea kwenye oili. Watu wengi hutupa turbo nzima kwa kuona ule mchezo wa pembeni. Feni zote mbili zilikuwa safi, hazijagusa ganda. Turbo “iliyokufa” ilikuwa hai.

Oili ilikuwa inatoka wapi, basi? Hapa ndipo nilipokaa siku nzima, na ndipo panapostahili kukaliwa.

Oili inaingia turbo kutoka juu kwa presha, kwa kibomba chembamba kinachotoka kwenye kichwa cha filta. Inatoka chini bila presha yoyote, inadondoka yenyewe kurudi kwenye bloku. Sili za turbo si kama sili za gurudumu. Ni ringi ndogo za chuma, mfano wa ringi za pistoni, ambazo kazi yake hasa ni kuzuia hewa na moshi visiingie ndani. Hazikuundwa kuzuia oili iliyojaa. Kwa hiyo bomba la kurudishia likiziba, oili inapanda, inajaa katikati, inatafuta njia, na njia iliyopo ni kupitia zile ringi. Hapo turbo mpya kabisa ya kiwandani, na jina lake lote, itavuja.

Nilipofungua flanji ya chini nilikuta silikoni nyekundu. Fundi hakuwa na gasketi, akapaka silikoni kwa ukarimu, ilipobanwa ikavimba kwa ndani na kuacha tundu la kupita kidole kidogo. Chini yake hosi ya asili ilikuwa imebadilishwa, ikawekwa hosi laini ya maji, na joto lilishaifanya inyauke na kukunja kiuno. Sijamaliza. Bomba la kupumulia injini, lile linaloning’inia upande hadi chini, mdomo wake ulikuwa umezibwa na tope lililokauka. Pumzi ya injini ikikosa pa kutokea, presha inajaa ndani ya bloku na kuirudisha juu oili inayotaka kushuka. Nililitoboa kwa msumari, likapiga mluzi.

Kulikuwa pia na filta ya hewa iliyokuwa kama mkate wa boflo uliodondoka vumbini. Turbo ikivuta hewa kwenye filta iliyoziba inatengeneza mvuto, na mvuto huo unafyonza oili kupitia sili ya upande wa hewa. Dereva alisema huwa anaipiga upepo kila safari. Tulimwangalia wote wawili, mimi na mama, akanyamaza.

Sasa yule marehemu wa kwanza, turbo ya kwenye kiroba. Aliuawa na kitu kingine. Beringi ya kuzuia shafti isiende mbele na nyuma ilikuwa imelika hadi shaba inang’aa, feni ya hewa imesugua ganda lake, na shafti ina michirizi myeusi, ngumu kama lami. Nikapitisha waya kwenye kile kibomba chembamba cha kuleta oili, ulikwama katikati. Ndani kulikuwa na ukoko wa oili iliyoungua.

“Kaka,” nikamuuliza dereva, “ukimaliza kupanda mlima wa Kitonga unafanyaje?”

“Nasimama juu, naangalia matairi na maji.”

“Unazima?”

“Nazima. Dizeli ya bosi hiyo.”

Na Ilula, utingo akishuka kununua nyanya, anazima tena. Alikuwa anadhani anabana matumizi, na kwa hesabu ya dizeli alikuwa sahihi. Lakini baada ya kupanda Kitonga na mzigo wa kurudi kutoka Dar, ganda la moshi limeiva, na shafti iliyokuwa inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika bado ina kasi. Ukizima, pampu ya oili inasimama papo hapo. Oili iliyobaki kwenye turbo inakaangwa. Kila safari ukoko kidogo, mwisho kibomba kinabaki na tundu la sindano. Cummins wenyewe husema injini iliyotoka kufanya kazi nzito iachwe isilensa, yaani izunguke polepole bila kukanyagwa, dakika tatu hadi tano kabla ya kuzima. Na kile kibomba kilichozibana pumzi za turbo ya kwanza ndicho kile kile kilichofungwa kwenye ya pili. Ikiwa hai leo, ingekufa kwa njaa ya oili kabla ya Krismasi.

Tukarudi kwa HX40. Mama hakuwa ameisahau.

Nilimwambia: HX40 ni turbo nzuri kwa injini inayochomwa mafuta mengi, inayotafuta farasi mia tatu na zaidi. Feni zake ni kubwa na nzito. Kwenye 6BT yenye pampu ya kawaida ingekuwa ugonjwa ule ule wa ganda la 21, umezidishwa. Ili iamke ingebidi fundi pampu afungue skrubu ya mafuta, na injini isiyo na intakula ikiongezewa mafuta kwenye Kitonga, joto la moshi linapanda hadi unasikia harufu ya gasketi. Yule aliyemshauri hakuwa mwongo. Alikuwa anazungumzia gari jingine.

Chaguo lililonipa kazi kulikataa ni HX35W. Hiyo ndiyo iliyoirithi H1C kwenye injini hizi, feni zake ni za kizazi cha baadaye, inaamka haraka. W ina maana kuna kidirisha, westigeti, kinachojifungua presha ikifika kiwango na kupitisha moshi pembeni ili feni isipitilize kasi. Kwa gari linalokaa milimani hilo ni jambo la kutamanisha, na sababu yake ni hii. Dar, usawa wa bahari, hewa ina presha ya bar moja hivi. Njombe, karibu mita 2,000 juu, ni kama bar 0.8. Tuseme injini inataka hewa ya jumla ya bar 2. Dar turbo inaizidisha mara mbili. Njombe inatakiwa kuizidisha mara mbili na nusu, kwa hiyo feni lazima izunguke kwa kasi zaidi, na hewa inatoka ya moto zaidi. Kwa hesabu yangu, hewa ya nyuzi 30 ikizidishwa mara mbili inatoka na zaidi ya nyuzi 120. Mara mbili na nusu inapita 150. Bila intakula, moto huo wote unaingia kwenye silinda. Turbo iliyo sawa Dar inaweza kuwa inakimbizwa Njombe, na anayeongeza presha bila intakula sehemu kubwa ya anachoongeza ni joto.

Kwa hiyo mbona sikuichukua HX35W? Bomba la eksozi. Kibano na kiwiko cha nyuma ni cha kipimo kingine, ingebidi kukata na kuchomelea, na bomba la hewa kwenda injini kutafutiwa hosi nyingine. Ni kazi ya siku mbili, inafanyika. Lakini zile tulizoletewa kuziona zote zilikuwa nakala zisizo na namba, na moja westigeti yake ilikuwa imefungwa kwa waya wa mabati na muuzaji mwenyewe, “ili iwe na nguvu.” Mtu anayefunga breki ya turbo kwa waya kisha anakuuzia, biashara naye inaishia hapo. Ningepata ya kiwandani yenye namba ya gari hili, huenda ningeandika kisa tofauti. Bei yake ilimfanya mama afunge mkoba.

Nilijaribu pia ujanja: kuchukua katikati ya ile nakala iliyo hai na kuivalisha ganda la 16 la kwenye kiroba. Vipande vilikuwa mezani, gharama sifuri, na nilikuwa nimeshaanza kujisifu. Nikapima kwa vanie. Feni ya moshi ya nakala ilikuwa na upungufu wa kama milimita moja kwa kipenyo. Ingezunguka, ndiyo, lakini moshi ungepita pembeni ya feni badala ya kuisukuma, na ningekuwa nimetoa ganda kubwa nikaweka pengo mahali pake. Nikarudisha vyote mezani.

Tulichofanya ni hiki. Ganda la moshi la 16 lilikuwa na nyufa mbili za unywele kwenye ukuta unaogawa yale matundu mawili; nyufa za pale ni za kawaida kwa chuma cha umri huo, mradi hazijafika kwenye flanji wala nje, na hizi hazikufika. Ganda la hewa lilikuwa limekwaruzwa kidogo tu, likasafishwa. Kwa ile namba ya tarakimu saba tukaagiza Dar katriji, yaani shafti, feni zote mbili, beringi na bodi la kati, vikiwa vimefungwa na kusawazishwa kiwandani kama kitu kimoja. Bei ilikuwa chini kidogo ya nusu ya turbo nzima ya kiwandani, na juu ya ile nakala. Ikaja kwa basi, boksi limeandikwa “Vioo” kwa kalamu ya kondakta.

Tukiisubiri tulibadilisha kibomba cha kuleta oili, si kukisafisha. Ukoko ukilegea baadaye unashuka kwenye beringi. Hosi ya kurudishia ikawekwa ya oili, gasketi ya karatasi ya kiwandani, silikoni ikabaki kabatini. Oili na filta mpya, filta ya hewa mpya. Hosi za hewa tukazipaka maji ya sabuni na kuzijaza upepo. Moja ikatoa povu kwenye kibano. Nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda, zilipelekwa kupimwa, mbili zilikuwa zinakojoa badala ya kunyunyiza.

Siku ya kufunga, kabla ya kubana tuligeuza bodi la kati ili tundu la kurudishia oili litazame chini wima. Nikamimina oili tundu la juu huku nikizungusha feni kwa kidole. Kisha dereva akapiga stata nikiwa nimevuta waya wa kuzimia, injini isiwake, mpaka oili ikaonekana inarudi chini. Ndipo tukawasha, silensa, hakuna kukanyaga.

Mlima Nyoka tena, mzigo ule ule, geji ile ile: mizunguko 1,500, karibu bar 0.9. Moshi mweusi unatoka kidogo wakati wa kubadilisha gia, kisha unakata. Wiki tatu baadaye dereva alinipigia akiwa juu ya Kitonga. Alisema amepanda gia moja juu ya alivyozoea, na nyuma ya sauti yake nikasikia injini ikiwa silensa. Sikumuuliza ni dakika ngapi. Mama hajaridhika kabisa, anasema Fuso la jirani yake bado linampita mlimani, na ameshaniuliza mara mbili kuhusu ile skrubu ya pampu.

Ile nakala ya 21 aliniachia kama sehemu ya malipo. Iko juu ya shelfu, nzima. Juzi alikuja kijana mmoja, akaiona, akauliza bei, maana naye ana 6BT. Nikamuuliza ya kwake imeandikwa ngapi. Akasema hajui, ila injini ni hiyo hiyo.